Baiskeli ya matembezi Tanga: lami ya Amboni na mteremko wa Soni

Tanga baiskeli haimshangazi mtu. Mji ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na kupewa namba kana kwamba aliyezipima alikuwa na baiskeli akilini, na mzee anayetoka sokoni juu ya baiskeli ya Phoenix, kikapu kikiwa kimefungwa kwenye keria, hageuziwi shingo na mtu. Ndiyo maana wengi wakisikia safari ya kwenda kwenye mapango ya Amboni na kurudi huona ni jambo la kuamka tu na kupanda. Miguu kweli haitakusumbua. Wanaokwama njiani hukwamishwa na mambo matatu: upepo wa kurudi nao, jua la kuanzia saa nne, na mwiba wa mkonge. Ukiyapanga hayo matatu usiku wa kuamkia safari, hata anayeendesha mara moja kwa mwezi atafika na kurudi anacheka.

Kando ya mto Danube kule Ulaya kuna njia za lami walizotengewa wenye baiskeli, na kwa vipande virefu gari haliingii. Huku kwetu lami ni moja, unaigawana na malori ya Horohoro, mpakani na Kenya, mabasi, bajaji na bodaboda. Yote yanayofuata yamezingatia hilo.

Baiskeli na upepo wa tairi

Kwa njia ya Amboni baiskeli yoyote nzima inafaa. Phoenix ni nzito na haina gia, lakini kwenye tambarare uzito ukishashika mwendo unakubeba wenyewe. Baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele na ngao ya cheni, ni nzuri zaidi kwa anayevaa dera au baibui, maana fremu yake iko chini na cheni imefunikwa. Baiskeli za milimani zenye gia 18 au 21 zina shida moja tu: tairi zake zenye meno zinavuma kwenye lami na kula nguvu zako bure. Ukipata tairi laini za upana wa inchi 1.5 hadi 1.75 zinazoingia kwenye rimu yako, badilisha. Usipopata, jaza upepo vizuri.

Hapo kwenye upepo ndipo watu wengi hujiumiza. Tairi yenye upepo mdogo humfanya mtu aone baiskeli ni nzito, kumbe anasukuma mpira unaobonyea kila mzunguko. Soma ubavuni mwa tairi, kiwango cha juu kimeandikwa pale kwa PSI, kipimo cha msukumo wa upepo, nawe usikivuke. Kwa mtu wa kilo 65 hadi 80, tairi ya Phoenix ya 28 kwa 1½ inaenda vizuri na PSI 45 hadi 55, ya milimani ya 26 kwa 1.95 na 45 hadi 50, na ile nyembamba ya mtumba ya 26 kwa 1⅜ isishuke chini ya 40. Gurudumu la nyuma lipate kidogo zaidi ya la mbele kwa sababu ndilo linalobeba mwili. Kama pampu ya fundi haina geji, kaa juu ya kiti, mwambie mwenzio atazame tairi ya nyuma inapogusa ardhi: itanuke kidogo sana. Ikijimwaga pembeni kama maandazi, ongeza.

Phoenix na nyingi za mtumba zina vali ya kizamani yenye kimpira chembamba ndani. Kimpira hicho kikikauka kinapasuka, upepo unatoka polepole usiku kucha, nawe asubuhi unahangaika kutafuta tundu lisilokuwepo. Kabla ya kubandua tairi yoyote, paka mate kwenye mdomo wa vali. Povu likitokea, ni kimpira. Nunua vitano, utembee navyo, havizidi uzito wa kibiriti.

Urefu wa kiti una kipimo rahisi. Kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuhama. Ukija kukanyaga kawaida, kwa ile sehemu pana ya unyayo nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa chini mno magoti huuma kwa mbele baada ya kilomita kumi. Kikiwa juu mno unajikuta unayumbisha makalio, na kiuno ndicho kinacholipa.

Cheni isiyo ya gia ichezeke juu na chini kati ya sentimita 1 na 2 ukiisukuma katikati. Ikilegea zaidi itachomoka kwenye tuta. Ikikazwa mno utaisikia inakaza na kuachia kila mzunguko. Mafuta ya cherehani yanatosha, tone moja kwa kila kiungo, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje pawe pakavu. Mafuta ya kula usiyaguse: yanaganda, yanashika mchanga, na mchanga unakuwa msasa. Breki kwa haraka: raba ziguse rimu, si tairi, na mkono wa breki ukiubana usifike kwenye usukani. Pabaki nafasi ya vidole viwili.

Mwiba wa mkonge

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyojaza mkoa huu mashamba, na ncha ya kila jani la mkonge ni mwiba mgumu, mweusi, unaoingia tairi kama sindano ya mshona magunia. Majani yaliyodondoka kutoka kwenye trekta na malori hukanyagwa pembeni mwa barabara, yanakauka, na ncha zinabaki. Ongeza mbigili kwenye vichaka vya kando ya njia. Kanuni ya kwanza basi ni kukaa juu ya lami, si kwenye ukingo wenye takataka, na kuiacha lami pale tu unapolazimika.

Ya pili ni kujua kuziba pancha wewe mwenyewe. Mjini mafundi wako kila kona, kwenye mashamba hawapo. Beba tyubu moja ya akiba ya saizi yako, viraka sita, solusheni ambayo haijafunguliwa (iliyofunguliwa hukauka ndani ya wiki chache kwa joto letu), kipande cha msasa, vyuma viwili vya kubandulia tairi, pampu, kalamu, na spana inayoingia kwenye nati za magurudumu yako, mara nyingi namba 14 au 15. Mwenye baiskeli ya milimani aongeze alenki (spana za pembe sita) namba 4, 5 na 6.

Ukipata pancha, toka kabisa barabarani, geuza baiskeli juu ya kiti na usukani. Kabla ya kubandua, zungusha tairi polepole utazame mwiba kwa nje. Ukiuona usiung'oe bado. Piga alama ubavuni kwa kalamu, sasa unajua pa kutafuta. Toa upepo uliobaki, sukuma ukingo wa tairi uingie katikati ya rimu pande zote, ndipo utie vyuma. Anayeanza kwa nguvu bila kusukuma ukingo katikati hukunja vyuma au hutoboa tyubu mara ya pili. Tundu likiwa la gurudumu la nyuma la Phoenix huna haja ya kufungua nati: toa ubavu mmoja wa tairi, vuta tyubu nje pale penye alama, ziba hapo hapo.

Kama hukuuona mwiba, jaza tyubu kiasi, ipitishe karibu na mdomo au shavu. Ngozi ya uso inasikia upepo mdogo ambao sikio halisikii penye malori. Likijificha, tumia maji kwenye kifuniko cha chupa, sehemu kwa sehemu.

Sugua pale kwa msasa, duara pana kuliko kiraka, mpaka mng'ao wa mpira uishe. Paka solusheni nyembamba, kisha ngoja. Hapa ndipo viraka vingi vinapoharibika. Mtu anabandika gundi ikiwa bado inang'aa, kiraka kinateleza, upepo unakisukuma, na baada ya kilomita mbili mko pale pale. Ngoja dakika kama tano hadi iwe kavu kwa macho na inate kidogo tu ukiigusa pembeni. Bandika, gandamiza kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda nje, dakika nzima bila kuachia. Pakaa vumbi kavu laini au chaki juu yake ili gundi iliyozidi isishike tairi kwa ndani.

Sasa ung'oe mwiba. Kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima. Kidole kinaweza kuchomwa, na pia hukosa ncha fupi ambayo kitambaa kinainasa. Mwiba wa mkonge una tabia ya kukatika, nusu ikabaki ndani ya mpira, na pancha ya pili ya siku ileile mara nyingi ni nusu hiyo.

Namna tundu lilivyo inakueleza sababu. Matundu mawili sambamba kama ya meno ya nyoka maana yake upepo ulikuwa mdogo, ukagonga tuta au shimo, rimu ikabana tyubu. Tundu la upande wa ndani, unaotazama spoku, maana yake mkanda wa rimu umehama na kichwa cha spoku kimechoma. Kata utepe kutoka tyubu kuukuu uufunike mduara wote. Mpasuko kwenye shina la vali hauzibiki. Toa tyubu ya akiba.

Kurudisha tairi, tia upepo kidogo tyubu iwe na umbo, ingiza vali kwanza, ipange tyubu ndani ya tairi, halafu anza kufunga ukingo upande ulio mkabala na vali na umalizie kwenye vali, kwa mikono mitupu kadiri inavyowezekana. Sukuma vali ndani mara moja ili ukingo ukae chini yake. Zungusha, tazama pande zote mbili kama tyubu haijabanwa, ndipo ujaze.

Saa ya kuondoka huamuliwa na upepo

Njia ya Amboni inaelekea kaskazini, na upepo wa pwani una majira yake. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, takribani Aprili hadi Septemba au Oktoba, unakwenda ukisukumwa na unarudi ukisukuma. Mgeni anafika Amboni amechangamka, anasema mbona rahisi, anakaa mpaka saa tano, kisha anarudi uso kwa uso na upepo ambao umeshapata nguvu ya mchana na jua liko utosini. Kilomita zilezile zinamchukua mara mbili. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi, ni kinyume: tabu ni asubuhi ukiwa na nguvu, na kurudi ni kama kubebwa. Ila kaskazi ndiyo miezi ya joto kali, kwa hiyo saa ya kuondoka haibadiliki sana.

Jua huchomoza kati ya saa 12 kamili hivi na saa 12 na dakika 35 hivi kutegemea mwezi. Panda likianza kuangaza, si gizani, maana malori yaliyosafiri usiku kucha yana madereva waliochoka. Jiwekee mpaka: wakati wa kusi uwe umeanza kurudi saa 3 na nusu, wakati wa kaskazi saa 4. Masika, hasa Aprili na Mei, tazama wingu la baharini kabla hujatoka. Mvua ya Tanga haidondoki, inamwagwa.

Kurudi na upepo usoni, shuka gia moja au mbili na uzungushe pedali kwa wepesi, mizunguko 70 hadi 80 kwa dakika, badala ya kukaza gia nzito. Asiye na gia ainame, viwiko vikunjwe, akubali kwenda kilomita 10 kwa saa. Mkiwa kundi, mmoja akate upepo mbele, wengine nyuma yake kwa nafasi ya mita moja, kupokezana kila dakika mbili tatu. Aliyechoka apishe upande wa kushoto na kurudi nyuma, kamwe asitoke kulia bila kutazama.

Njia yenyewe

Anzia mjini, upite Barabara ya Hospitali mbele ya hospitali ya Bombo uende Raskazone. Ni kama kilomita 3, kivuli kipo, magari machache saa hizo, na bahari inaonekana na kisiwa cha Toten ndani ya ghuba. Kipande hiki ni cha kupasha misuli na kuisikiliza baiskeli. Kelele yoyote, raba ya breki inayokwaruza, pedali inayogonga, irekebishe sasa ukiwa karibu na mafundi. Ukirudi mjini, shika barabara ya Horohoro.

Barabara hiyo ni ya lami hadi mpakani, kilomita 65, lakini wewe unakwenda kilomita 8 tu hivi kufika Amboni. Mwendo wa matembezi ni kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi, mwendo ni sawa. Kabla ya matuta kuna rasta, ile mistari iliyoinuka inayotetemesha usukani. Inuka kidogo kwenye kiti, magoti na viwiko vilegee, pedali mbili ziwe sambamba. Kukaa kitini kwenye rasta kunalegeza nati za keria na madigadi kuliko kilomita mia za lami safi.

Lori linapokupita upepo wake hukusukuma kwanza pembeni, kisha hukuvuta kuelekea kwenye matairi ya nyuma. Shika usukani kwa uthabiti bila kukakamaa, usipige breki, usigeuke kutazama. Endesha mita moja hivi kutoka ukingo wa lami. Ukijibana ukingoni kabisa, dereva anaona nafasi ya kupita pasipokuwa na nafasi, nawe huna pa kukimbilia. Kwenye daraja ambako bega la barabara hukatika, tazama nyuma mapema. Kama kuna lori na lingine linakuja mbele, simama kabla ya daraja yapite. Dakika moja haikupunguzii kitu.

Ukilazimika kushuka kwenye ukingo wa lami, usirudi juu kwa kuukwaruza ule mdomo wa lami taratibu kwa pembeni. Gurudumu la mbele hunasa, usukani hugeuka, mtu huangukia barabarani, tena upande wa magari. Simama, nyanyua, panda upya. Au tafuta pale lami na udongo vimelingana.

Kwa waendao kwa miguu, kengele mbili kutoka mbali, kisha salamu. Kumpita mzee kimya kimya kwa nyuma ni utovu wa adabu, na pia akishtuka ataruka kule kule unakopita. Shikamoo kidogo inafungua njia haraka kuliko kengele.

Kwenye Mapango ya Amboni, jirani na Kiomoni, unaiacha barabara kuu. Jiandae kwa udongo na kokoto kipande cha mwisho, upunguze mwendo, breki ya nyuma kwanza, maana ya mbele kwenye kokoto ndiyo inayoangusha. Hapa ndipo bonde linapoonekana: mto Mkulumuzi umekata mwamba wa chokaa, miti imefunga kivuli, na hewa inapoa ghafla. Mapango yenyewe ni ya mwamba wa enzi ya Jurasi, na moja ndilo linalotembezwa wageni. Lipa, chukua mwongozaji, acha baiskeli ikiwa imefungwa fremu pamoja na gurudumu kwenye kitu kisichong'oka. Ndani kuna popo, njia nyembamba za kuinama, na sehemu za mizimu ambako watu huweka sadaka. Hizo haziguswi. Viatu vya raba ngumu vinateleza, na taa ya baiskeli inayochomoka inasaidia sana.

Mwenye nguvu zilizobaki aendelee na lami hadi daraja la mto Zigi, atazame na kugeuza. Mto huu unashuka kutoka Usambara Mashariki, na bwawa lake la Mabayani ndilo linalolipatia jiji maji. Ni wa kutazamwa. Kuingia miguu ili kupoza mwili ni kujitafutia kichocho, hasa penye maji yaliyotulia.

Ukijumlisha Raskazone, Amboni na kurudi mjini, ni kama kilomita 25. Saa mbili za kuendesha, moja na nusu za mapango na kupumzika.

Maji, chakula, nguo

Nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa kila saa ya kuendesha, mafunda machache kila robo saa kabla kiu haijaanza. Ondoka na lita moja na nusu. Dafu ni zuri njiani lakini halibebeki. Anayetoka jasho jingi achanganye lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, aisambaze kwenye chupa. Ladha si nzuri, kazi yake ni nzuri. Dalili za hatari ni kuumwa kichwa, kusikia baridi wakati wa jua, na jasho kukata. Hapo safari imekwisha: kivulini, maji kichwani na shingoni, bajaji ipigiwe simu.

Kabla ya kutoka, chai na vitumbua viwili au kiazi kitamu vinatosha. Mihogo ya kukaanga na mafuta mengi ihifadhi ya kurudi. Ndizi mbili mfukoni, machungwa ya Muheza yakiwa msimu wake.

Nguo za rangi ya kuonekana. Suruali pana ifungwe kwa mpira upande wa kulia penye cheni. Mtandio, kanga na baibui ndivyo vinavyonaswa zaidi na spoku: fundo la nyuma lipitishwe mbele, au gurudumu la nyuma lifungwe wavu pande mbili. Kofia ngumu, ndiyo, hata kwa safari ya kilomita 8.

Mombo hadi Lushoto, kwa wanaotaka bonde hasa

Bonde la mto lenye lami na mandhari ya kukusimamisha mdomo wazi, mkoa wa Tanga unalo kati ya Mombo na Lushoto. Kilomita kama 32, Lushoto ikiwa kwenye mita 1,400 hivi na Mombo takribani mita 1,000 chini yake. Barabara ni nyembamba, imeng'ang'ania ubavu wa mlima, korongo liko pembeni, na maporomoko ya Soni yanaonekana yakitumbukia karibu na mji huo, takriban katikati ya safari. Kupanda ni mazoezi mazito. Kwa matembezi, baiskeli ipande basi hadi Lushoto, nawe ushuke nayo.

Kwenye basi, toa pedali ili zisichane mizigo ya watu na zisipinde. Ya kulia hufunguka kawaida, kinyume cha mshale wa saa. Ya kushoto hufunguka kwa kuelekea upande wa mshale wa saa. Wanaoilazimisha huharibu nyuzi za mkono wa pedali, na hapo ni kuununua mpya. Ilaze upande usio na cheni, ifungwe kwa vipande vya tyubu kuukuu, si kamba, kwa sababu mpira hauchubui rangi wala haulegei.

Safari hii Phoenix ibaki nyumbani. Breki zake za fito zinabana rimu kwa chini, na zikilowa unabana mkono wote huku baiskeli ikiendelea na shughuli zake. Ya mtumba ya Japani mara nyingi ina breki ya bendi nyuma: kwenye mteremko mrefu bendi inapata moto, inapiga kelele, kisha inaacha kushika. Unahitaji breki mbili za raba kwenye rimu zilizo hai, au za diski. Raba ziwe na mifereji inayoonekana. Nyaya zisiwe na uzi hata mmoja uliokatika pale zinapoingia kwenye mkono wa breki.

Joto ndilo adui hapa. Ukibana kidogo kidogo mfululizo, rimu inapata moto, viraka vya tyubu vinalegea, na tyubu yenyewe inaweza kupasuka katikati ya kona. Namna sahihi ni kubana kwa nguvu muda mfupi kabla ya kona, mbele na nyuma pamoja, kisha kuachia kabisa ndani ya kona na kwenye vipande vilivyonyooka uache upepo upoze rimu. Mwendo usizidi kiasi cha kuweza kusimama ndani ya umbali unaouona, na kwenye kona hizi umbali huo ni mfupi. Kona ya kulia au kushoto, baki upande wako wa kushoto. Basi linalopanda linaweza kuhitaji barabara nzima. Wanapiga honi kabla ya kona, nawe usiwe na kitu masikioni. Pedali ya upande wa nje wa kona iwe chini, uzito ukiwa juu yake, ya ndani iwe juu isije ikagusa lami.

Simama Soni hata kama hujachoka. Dondoshea rimu tone la maji. Likichemka na kuruka, pumzika robo saa ukitazama maporomoko. Kwa breki za diski ngoja tu, usiziguse. Zungusha gurudumu utazame kama raba hazijasogea kuelekea tairi, kwa sababu mtetemo wa mteremko hulegeza nati zake.

Ukungu wa asubuhi, hasa Juni hadi Agosti, huloanisha rimu hata bila mvua. Mzunguko wa kwanza wa gurudumu baada ya kubana hufuta maji tu, breki inashika baadaye. Kwa hiyo bana mapema, mara mbili ya umbali wa kawaida, na usishuke kabla ya saa 3 ukungu haujainuka. Sweta la kuondokea Lushoto utalivua Mombo, ambako joto linakupokea kama mlango wa tanuri. Lifunge kwenye keria, lisining'inie.

Mombo, kabla ya kupakia baiskeli kwa safari ya kurudi pwani, pima raba kwa jicho: zilizobaki chini ya milimita 3, au zilizoliwa upande mmoja, zibadilishwe kabla ya kuipanda tena. Vumbi jeusi lililoganda kwenye rimu lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na cheni ipakwe mafuta usiku huohuo, kwa maana ilitoka kwenye ukungu na sasa inarudi kwenye chumvi.